Chakula Kilichokataa Kushuka

Kila siku saa nane kasorobo mchana Dhurata alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akatundika koti, akanawa mikono, kisha akaketi mahali pake mezani: kwenye benchi la ukutani, kati ya jiko la kuni na Bibi Polikseni. Mahali hapo alikuwa amepachagua mwenyewe tangu Septemba. Mama yake, Valbona, alidhani ni kwa sababu ya joto. Baridi ya mji wao wa Korçë haina mzaha, na mtoto mwenye akili hukaa karibu na jiko.

Sababu ilikuwa nyingine. Mama alipogeuka kuchukua mkate, au baba yake, Sotir, alipoinamia simu kusoma ujumbe, Bibi aliisogeza sahani yake kwa kidole kimoja hadi ikagusa ya Dhurata. Dhurata naye akaisukuma yake tupu upande wa Bibi. Hapo alianza kula upya, maharage yaleyale na kabichi ileile, huku tumbo lake limeshajaa.

"Umeshamaliza, Mama?" Valbona aliuliza.

"Nimemaliza, mwanangu. Mkono wako siku hizi umekuwa mtamu kuliko wangu."

Valbona akatabasamu. Kumpikia mama mkwe kama huyo hakukuwa jambo dogo. Kwa miaka thelathini Polikseni ndiye aliyeitwa kila palipokuwa na harusi mtaani kwao, akasukuma unga mwembamba kama karatasi, akaujaza vitunguu na nyanya, akauoka chini ya makaa ukawa lakrori ambayo watu waliizungumzia hadi harusi nyingine. Sifa kutoka kinywani mwake ilikuwa sifa kweli.

Mambo haya yalianza mwanzoni mwa Septemba. Siku hiyo Dhurata alitumwa kuni, na nyuma ya banda akamkuta Bibi ameinama, mkono mmoja umeegemea ukuta. Alidhani anatapika. Lakini kilichokuwa chini kilikuwa chakula cha mchana, wali na vipande vya pilipili hoho, vilevile kama vilivyotoka sufuriani. Hakikuwa hata na harufu ya uchachu.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Chakula kimekataa kushuka." Bibi alijifuta mdomo kwa leso. "Kinafika hapa," akagusa katikati ya kifua, "halafu kinasimama, kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Nikinywa maji na kukaa wima, mara nyingine kinapita. Mara nyingine kinarudi."

"Tumwambie Mama."

"Hutamwambia mtu." Aliketi juu ya gogo na kumvuta Dhurata karibu. "Mama yangu alianza hivihivi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Walimpeleka hospitali, wakamwambia ana ugonjwa mbaya, na baada ya wiki saba tukamzika. Kabla ya kuambiwa alikuwa anatembea, anakamua mbuzi wake mwenyewe. Neno lile ndilo lililomlaza. Mimi sitaki kulisikia. Nipe besa kwamba hutasema."

Besa ni ahadi ambayo mtu wa kwao haitoi kisha akaichukua tena. Hata mtoto wa darasa la pili anajua hilo, na Dhurata alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliitazama mikono ya Bibi ikitetemeka juu ya aproni, na alichotaka tu ni itulie.

"Nakupa besa, Bibi."

Mikono ikatulia kweli. Tangu siku hiyo wakawa wanabadilishana sahani.

Mwezi wa kwanza Dhurata alijiona mtu wa maana. Alikuwa na siri ya mtu mzima na aliitunza vizuri. Kufikia Novemba siri hiyo ilikuwa imeanza kumlemea. Sketi ya shule ilimbana hadi ikaacha alama kiunoni. Aliposimama ubaoni, Ilirjan, mvulana wa dawati la nyuma, hakumwacha.

"Dhurata, kwenu mnapikia jeshi? Funga hicho kifungo vizuri, kitamtoa mtu jicho."

"Angalia daftari lako," Dhurata alimjibu, lakini masikio yalimwaka moto. Darasa lilicheka, na yeye akarudi kuketi huku akiwaza kwamba tumbo lake limejaa chakula cha mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine alikuwa anakwisha. Bibi alivaa sweta mbili, kisha tatu, ili umbo lake lisionekane. Pete ya ndoa aliizungushia uzi isidondoke. Alilala ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala bapa chakula kilirudi hadi kooni, naye akaamka anakohoa. Kikohozi hicho alikisingizia moshi wa jiko.

Valbona alikuwa fundi wa kushona kwenye kiwanda cha nguo, na macho yake yalizoea kupima watu. Jioni moja alikuwa anapunguza gauni la Bibi, pini mdomoni, akasimama ghafla.

"Nimeingiza sentimita nane," alisema. "Dhurata, wewe ndiye unayekaa naye mezani. Bibi anakula?"

"Anakula."

"Unamwona kwa macho yako?"

"Namwona. Kila siku anamaliza sahani yake."

Kabla ya hapo Dhurata alikuwa amedanganya kwa mikono tu. Sasa alidanganya kwa mdomo, mama yake akimtazama usoni. Valbona alimwamini, akaendelea kushona. Kuaminiwa kule kulimuuma Dhurata kuliko kama angegombezwa.

Wiki iliyofuata, katika somo la biolojia, Mwalimu Luljeta alichora ubaoni mrija mrefu kutoka kooni hadi tumboni.

"Huu ni umio," alisema. "Wengi wenu mnafikiri ni kama bomba la maji, unamimina juu, yanatoka chini. Sivyo. Umio ni misuli. Unakisukuma chakula kidogo kidogo, kama mnavyokamua dawa ya meno. Na hapa chini kuna misuli ya duara, kama mdomo wa mfuko wa kamba. Chakula kikifika, inalegea, kinapita, halafu inajifunga tena."

Dhurata aliinua mkono. "Na isipolegea, Mwalimu?"

"Chakula kinabaki juu yake. Kinarundikana, na mwisho kinarudi kilikotoka."

"Hata maji?"

"Hata maji." Mwalimu Luljeta aliweka chaki chini. Kengele ilipolia alimzuia mlangoni. "Ni nani, Dhurata?"

"Hakuna mtu, Mwalimu."

"Sawa. Basi huyo asiye mtu, mwambie aende kwa daktari mapema. Kushindwa kumeza kuna sababu nyingi. Nyingine ni mbaya, nyingine zinatibika vizuri kabisa. Lakini hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa kukaa nyumbani na kuogopa."

Dhurata alirudi nyumbani akitembea haraka juu ya theluji. Alimkuta Bibi peke yake, akamweleza yote, mrija na mfuko wa kamba na maneno ya mwalimu.

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. "Umemtaja nani?"

"Sijamtaja mtu."

"Basi yaishie hapo," alisema Bibi, na akageukia dirisha.

Sikukuu ya Krismasi walikuja wageni wawili kutoka Pogradec, shangazi yake Dhurata aitwaye Evanthi na mumewe, Vangjel. Vangjel alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Valbona alikuwa ameoka bata mzinga, na meza iliwekwa sebuleni. Dhurata aliketishwa mbali na Bibi, karibu na shangazi yake.

"Mama Polikseni," alisema Vangjel, "umekonda ukawa kama binti wa kuposwa. Tuambie, ni nani anayekuja kuleta barua?"

Wote walicheka, Bibi naye akacheka kidogo.

"Leo utakula mbele yangu," Vangjel aliendelea. Alikata kipande cha nyama ya kidari, akakiweka sahanini mwa Bibi kwa uma wake mwenyewe, akakunja mikono kumsubiri. "Haya. Usinidanganye kwa supu."

Hapakuwa na sahani ya kubadilishana. Bibi alikitia kipande kinywani, akakitafuna muda mrefu, akameza. Kisha alikunywa maji na kukaa wima kabisa, kama mtu anayepigwa picha. Dhurata aliona rangi ikimtoka usoni.

"Naangalia kuni," alisema Bibi, akainuka taratibu.

Dhurata alihesabu hadi mia moja, akamfuata. Alimkuta kwenye kizingiti cha banda, hana koti, ameshika leso iliyolowa mdomoni. Alikuwa anapumua sawasawa, lakini kila alipojaribu kumeza mate, yalirudi.

"Haijashuka?"

Bibi alitikisa kichwa.

"Na maji?"

Alielekeza kidole kwenye theluji miguuni pake. Maji yalikuwa yamerudi yote. "Itapita," alisema kwa sauti ndogo. "Wewe rudi ndani, wasije wakatutafuta."

Dhurata hakurudi. Alisimama mbele yake na kumtazama kwa makini. Aliona shingo iliyobaki mishipa mitupu. Aliona ute ukining'inia kidevuni, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kuonekana na hata unga mkononi akimaliza kupika. Aliwaza kuhusu besa. Aliwaza pia kwamba kama ataitunza hadi mwisho, huenda ikabaki besa bila Bibi.

"Nisamehe, Bibi. Naenda kumwita Baba."

Bibi alimshika mkono wa sweta, na kwa mtu aliyekonda vile nguvu zake zilimshtua Dhurata. Macho yake yalimsihi asiende. Dhurata alivifungua vidole vile kimoja kimoja, akavua sweta yake, akamfunika nayo mabegani, akakimbilia ndani.

Alikusudia kumwita baba yake pembeni. Lakini alipofungua mlango wote walinyamaza, na maneno yakamtoka hapohapo.

"Baba, Bibi hawezi kumeza. Nyama imekwama kifuani, hata mate hayashuki. Na si leo tu. Ni tangu Septemba, labda kabla ya hapo. Chakula chake nilikuwa nakila mimi."

Sotir alishatoka kabla hajamaliza. Valbona alibaki amesimama na bakuli mikononi.

"Uliniambia anamaliza sahani."

"Zilikuwa zinaisha, Mama. Nilikuwa nazimaliza mimi."

Vangjel alichukua kipande cha mkate. "Tumpe hiki akisukumie. Kwetu ndivyo tunavyofanya."

"Hapana," alisema Dhurata. "Kikiingia kingine kitakaa juu ya hicho. Mwalimu ametufundisha." Vangjel aliurudisha mkate mezani.

Hospitalini daktari wa zamu alimpa Bibi dawa ya usingizi, akapitisha mdomoni mrija mwembamba wenye kamera, na kwa kikoleo kidogo akaitoa nyama. Alipotoka chumbani alikuwa na uso wa mtu asiyetaka kutisha watu wala kuwadanganya.

"Mlifanya vizuri kutomlazimisha kitu kingine," alimwambia Sotir. "Mkate ungezidisha, na angeweza kupaliwa, chakula kikaingia kwenye mapafu. Lakini nyama ile haikuwa peke yake. Umio wake umetanuka na umejaa chakula cha siku nyingi. Chini kumebana. Nimechukua kipande kidogo cha nyama ya ndani ili kipimwe. Majibu ni baada ya siku kumi na mbili."

Walimpima uzito. Mizani ilisoma kilo arobaini na sita. Sotir aliisoma mara mbili, akavua kofia yake, akaishika mkononi.

Bibi alipozinduka alimtafuta Dhurata kwa macho, akampata mlangoni.

"Besa yako ni ya siku ngapi?" alimuuliza.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwa Dhurata kwa siku nyingi. Walimrudisha nyumbani, wakawa wanampa supu nyepesi na maziwa kwa vijiko vidogo, naye akamshukuru kila mtu isipokuwa mjukuu wake. Dhurata akimletea mto, Bibi aliuchukua bila kumtazama. Mtoto alikaa kwenye benchi lake karibu na jiko, akala chakula chake kidogo.

Siku moja Valbona alimkuta analia kwenye banda la kuni. Aliketi kando yake.

"Sikukasirikii kwa kumpenda bibi yako," alisema. "Hilo siwezi. Lakini nilikuuliza, Dhurata. Nilikuuliza ukiwa unanitazama. Kama ungenijibu ukweli Novemba, asingefika kilo arobaini na sita."

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Najua kwamba unajua. Nimeona tu nikwambie, kuliko kubaki nalo."

"Kama ana ugonjwa mbaya atakufa bila kuongea na mimi."

Valbona alijisogeza karibu zaidi. Alimkumbatia, wakakaa hivyo mpaka baridi ikawatoa.

Majibu yalipokuja, kipande kile hakikukutwa na saratani. Hata hivyo daktari alisema kipande kidogo hakiwezi kusimulia umio mzima, na akawaandikia barua waende mji mkuu, Tirana, kwa bingwa. Sotir aliamua kwamba Dhurata naye ataenda.

"Wa nini?" aliuliza Bibi.

"Ndiye aliyeona, Mama. Sisi wengine tulikuwa tunatazama sahani."

Bingwa huyo aliitwa Daktari Mimoza, mwanamke wa makamo aliyevaa miwani yenye kamba shingoni. Alimkaribisha Bibi kiti, akafungua faili.

"Haya, Mama. Tatizo hili limeanza lini?"

"Krismasi," alisema Bibi.

Daktari alianza kuandika. Dhurata aliitazama kalamu ikisogea. Alijua akiongea atakuwa amemsaliti Bibi mara ya pili, na safari hii mbele ya mgeni.

"Si kweli, Daktari," alisema. "Mimi nimeona tangu Septemba."

Bibi alikaza midomo. Daktari Mimoza alimgeukia mtoto, wala hakumkatiza. Alimuuliza maswali, na Dhurata akajibu moja baada ya jingine. Chakula kinarudi kikiwa na uchachu? Hapana, kinarudi vilevile kama kilivyoliwa. Vinavyokwama ni vigumu tu, kama nyama na mkate? Hapana, hata maji na maziwa. Analala vipi? Ameegemea mito mitatu. Anakohoa? Ndiyo, akilala bapa.

Daktari aliweka kalamu chini. "Mtoto huyu amenirahisishia kazi," alisema. "Ninyi watu wazima mngeniambia Krismasi, mimi ningefikiria mambo mengine kabisa. Sasa twende tukapige picha."

Bibi alisimamishwa mbele ya mashine ya eksirei, akapewa glasi ya kitu cheupe, kizito kama chokaa iliyokorogwa. Walioandamana naye walisubiri nyuma ya kioo, ambako palikuwa na runinga ndogo. Alipomeza, Dhurata alikiona kile cheupe kikishuka kifuani, kikafika chini, kikasimama. Kilijaa kama maji kwenye mfuko. Mwisho wa mfuko ulichongoka kama mdomo wa ndege, na kutoka kwenye ncha ile uzi mwembamba mweupe ulidondoka tumboni, tone kwa tone.

Daktari aliigeuza runinga ili Bibi naye aone. Polikseni aliikodolea macho ile ncha.

"Kwa hiyo mlango ndio huo," alisema.

"Ndio huo, Mama. Ugonjwa huu unaitwa akalasia. Mishipa ya fahamu ya umio imekufa. Kwa nini imekufa, mara nyingi hatujui. Umio hausukumi tena, na misuli ya chini hailegei. Si kosa lako, wala si kwa sababu unakula haraka, wala si wasiwasi."

"Si saratani?" Sotir aliuliza.

"Kwa picha hii, na kwa kile kipande, na kwa maelezo ya mtoto, hapana. Nitaingiza kamera tena nihakikishe, halafu tutautanua ule mlango."

Bibi hakuonekana kusikia sehemu ya mwisho. "Mama yangu," alisema. "Mama yangu alikuwa hivihivi. Alikufa na nini?"

Daktari Mimoza alivua miwani. "Sijui, Mama. Hakuna aliyemtazama ndani kama tulivyokutazama wewe. Inawezekana alikuwa na saratani. Inawezekana alikuwa na huu. Nikikuambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Miaka arobaini na tisa Polikseni alikuwa ameogopa neno moja, na kumbe hakuna aliyekuwa na hakika kama neno hilo lilikuwa la kweli. Aligeukia ukuta, mabega yakamtetemeka kidogo ndani ya gauni la hospitali. Dhurata alitamani kumshika mkono, lakini hakuthubutu.

Kwa siku tatu Bibi alilishwa kwa dripu, umio ukasafishwa. Siku ya nne walimlaza usingizi, wakapitisha puto hadi kwenye misuli ile iliyobana, wakalijaza hewa taratibu ili kuitanua. Daktari alikuwa amewaeleza mapema kwamba kuna hatari ndogo ya umio kuchanika, ndiyo maana mgonjwa angebaki chini ya uangalizi. Sotir alitembea ukumbini huku na huku. Dhurata aliketi na kutazama mlango.

Jioni picha nyingine ilionyesha kwamba hakuna kilichochanika. Muuguzi akaleta maji nusu glasi. Bibi alikunywa funda moja, akaweka mkono kifuani, akangoja. Wote walingoja naye.

"Imepita," alisema.

Alikunywa funda la pili. Halafu akanyoosha mkono wenye glasi, si kwa muuguzi wala kwa mwanawe.

"Dhurata, nishikie."

Kabla hawajaondoka Daktari Mimoza alikaa nao. "Nimefungua mlango," alisema, "lakini misuli ya juu haitarudi kusukuma. Mama, utakula umeketi wima. Tonge dogo, utafune sana, unywe maji katikati. Usilale mpaka zipite saa tatu tangu ulipokula, na kitanda chako kiinuliwe upande wa kichwa. Kila mwaka nikuone. Huenda siku moja tukarudia puto, au tukafanya upasuaji. Chakula kikianza kukwama tena, unakuja wiki hiyohiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Na mjukuu wako asikie."

"Nimesikia," alisema Dhurata.

Mwezi wa Aprili walirudi Tirana kwa uchunguzi, Bibi na Dhurata wawili tu. Mizani ilisoma kilo hamsini na tatu. Wakati wa kurudi Korçë, basi lilisimama kwa nusu saa Përrenjas, kwenye mkahawa wa barabarani, na abiria wakashuka kula. Bibi aliagiza supu ya kuku yenye wali, na mkate kidogo wa kulowekea. Aliketi wima, akala polepole, kijiko kidogo, anatafuna, anangoja, anakunywa funda la maji. Abiria wengine walimaliza, wakavuta sigara, wakarudi kwenye viti vyao. Dereva alichungulia mlangoni.

"Mama, tunaondoka."

"Mwanangu, nimebakiza vijiko sita. Nikiharakisha, utanipeleka hospitali badala ya Korçë."

Dereva aliitazama supu, akamtazama na yeye, akavuta kiti akaagiza kahawa.

Bibi alikula vijiko viwili zaidi, kisha akaweka kijiko chini. Hakumtazama Dhurata. Alitazama milima nje.

"Nilikuomba kitu ambacho mtu mzima hapaswi kumwomba mtoto," alisema. "Niliogopa, nikakutwisha hofu yangu, nikaiita besa. Halafu ulipoitua nikakununia. Wewe hukukosea ulipokimbia kumwita baba yako, Dhurata. Ulichelewa tu, na kuchelewa kwako mimi ndiye niliyekusababishia."

Dhurata alikuwa ameinama. "Nilimdanganya Mama."

"Ulimdanganya. Hilo ni lako, na umeshamwomba radhi. Sasa nisikilize, maana nakwambia mara moja tu. Siri ya zawadi, itunze. Siri ya rafiki yako aliyependa mtu, itunze. Lakini ukimwona mtu anapungua mbele ya macho yako, hali wala hamezi, anaumwa, naye anakuomba unyamaze, usinyamaze. Hata akiwa bibi yako. Nenda kamwambie mtu mwenye uwezo wa kusaidia, siku hiyohiyo. Atakukasirikia, mwache akasirike. Ni lazima awe hai ndipo aweze kukasirika."

Alichukua kijiko, akamalizia supu yake bila haraka, huku dereva akinywa kahawa na Dhurata akimngoja.